Hema Hufia Ghalani

Mwezi wa Julai mwaka 1911, Waingereza watatu, Edward Wilson, Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard, walikuwa wamepiga kambi Cape Crozier, katika bara la barafu la kusini mwa dunia. Huko Julai ni katikati ya majira ya baridi, na jua halichomozi kabisa. Safarini walikuwa wamekutana na baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri. Tufani ikaja, ikanyakua hema lao, kisha ikararua turubai lililoezeka kibanda chao cha mawe. Wakalala katika mifuko yao ya kulalia huku theluji ikiwafunika, wakijua kwamba pasipo hema hawatafika salama. Tufani ilipopungua walilikuta umbali wa kama nusu maili, bado linafaa, maana miti yake ilikuwa imejifunga pamoja mfano wa mwavuli. Usiku uliofuata Bowers alifunga kamba kutoka kileleni mwa hema hadi ndani ya mfuko wake.

Hema lililooza mishono lisingepona tufani ile. Wala si lazima mtu aende ncha ya dunia ili aone ukweli huo. Katika Milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, ambako kilele cha Margherita kina urefu wa mita 5,109, mvua hunyesha sana na usiku maji huganda. Askari aliyelowa mahali kama hapo yumo hatarini hata kabla ya theluji kuanguka.

Hema la kufaa mahali hapo ni lile ambalo watu wa nchi za baridi huliita hema la majira manne. Miti yake hupitana mahali kadhaa, ili upepo ukisukuma upande mmoja, upande mwingine usaidie kuubeba. Paa lake la nje hushuka karibu na ardhi, na kamba zake ni nyingi. Tena lina matundu ya hewa juu. Pumzi ya waliolala hugeuka maji ikigusa kitambaa baridi, na hema lisilopumua huwalowesha watu wake bila tone la mvua. Haifai kamwe kuyaziba matundu hayo na kuwasha jiko la mkaa au la mafuta ndani kwa kutafuta joto. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

Kitambaa nacho kichaguliwe kwa akili. Turubai la pamba likilowa nyuzi zake huvimba na kuzuia maji, lakini huwa zito na huoza upesi. Nailoni ni nyepesi na yenye nguvu, ila hulegea ikilowa, hivyo kamba hazina budi kukazwa tena usiku. Poliesta hailegei sana, na hustahimili jua kuliko nailoni.

Hata hivyo, mahema mengi hayauawi na tufani. Huuawa ghalani. Hema likirudi nyumbani limekunjwa na unyevu wake, kuvu hulila turubai kwa siku chache, na utando wa kuzuia maji ulio juu ya nailoni huanza kunata na kubanduka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya aliyerudi kambini, kabla ya kupumzika, ni kulitandaza kivulini penye upepo, naye mke na watoto waweza kumsaidia kuligeuza. Lisiachwe juani siku nyingi, kwani jua hudhoofisha nyuzi. Matope yasafishwe kwa sifongo na maji baridi matupu. Sabuni kali na maji ya moto huondoa kinga yake. Mchanga upigwe brashi kwenye zipu. Tundu dogo litiwe kiraka mapema, na mshono uliolegea upelekwe kwa fundi cherehani, kisha upakwe gundi ya kuzuia maji.

Likikauka kabisa, litiwe katika gunia pana la pamba, liwekwe juu ya rafu, mbali na panya. Kabla ya safari lisimamishwe uani, na vigingi na kamba zihesabiwe. Kigingi kilichopotea hupatikana kwa urahisi nyumbani. Mlimani, usiku wa mvua, hakipatikani.