RIMU ZA MAMILIONI, TAIRI KIPARA!

Wadau, leo sibembelezi mtu. Kuna staa mmoja hapa Dar, jina kapuni, katupia picha ya Mustang GT yake. V8, lita 5.0, nguvu za farasi zaidi ya 400, na zote zinakwenda tairi za nyuma. Komenti zote "hongera boss". Mimi nikazuum tairi za nyuma: kashata hakuna, kipara kabisa!

Kaka, hela ya rimu ulipata, ya tairi ikakushinda? Kashata ndiyo inayotoa maji chini ya tairi. Bila hiyo, mvua ya masika ikipiga halafu ukanyage mafuta kwa pupa, gari linazunguka mkia mbele.

Na msidanganywe na tairi za mtumba eti "bado mpya". Soma namba nne za mwisho pale kwenye DOT. 2316 ni wiki ya 23, mwaka 2016. Raba ikizeeka inakuwa ngumu, haishiki lami hata kashata zikiwa nzima. Cheki na herufi ya spidi: T mwisho 190 kwa saa, Y mwisho 300. Mustang kuivalisha T ni kuivisha ndala uwanjani.

Mtasema nina wivu. Sawa, gari sina, napanda daladala. Ila siku akiteleza, anayesimama kituoni ni mimi na mama yangu, siyo mashabiki wake wa Insta.

Mnasemaje? Tiririkeni hapo chini.