Mbwa Mkubwa Hahitaji Gari la Fahari, Anahitaji Hewa

Mfugaji mwenzangu, leo sitazungumza kwa upole.

Kila tukitangaza chanjo ya kichaa cha mbwa, naona jambo lile lile. Wenye mbwa wadogo wanakuja nao kwa kamba. Wenye mbwa wakubwa wa ulinzi, wa kilo 40 na kuendelea, hawaonekani. Ukiwauliza wanajibu, "Bwana mifugo, sina gari la kumbeba."

Wengine huja, na afadhali wasingekuja. Mzee mmoja alimleta mbwa wake ndani ya buti la gari ndogo, saa saba mchana, mwendo wa nusu saa. Tulipofungua, mbwa alikuwa ameshakufa. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema. Palipofungwa hewa, kuhema hakumsaidii kitu. Kumfunga mdomo kwa kamba asiume wakati wa joto ni kumnyonga vile vile.

Sasa nawageukia mnaosema mbwa mkubwa lazima apande gari kubwa la gharama. Hayo ni maneno ya kujionyesha kwa majirani. Pima mbwa, usipime jirani. Chukua futi kamba, pima kutoka puani hadi shina la mkia, kisha kutoka chini hadi utosini akiwa amesimama. Nenda na vipimo hivyo yadi kabla hujalipa hata shilingi. Mbwa anatakiwa asimame, ageuke na alale. Basi.

Kwa mfuko wa kawaida, mimi nasema Probox. Siti za nyuma zinalala, sakafu inakuwa tambarare, spea zipo kila mji na fundi wa mtaani anaijua. Noah ina nafasi zaidi na mlango wa kuteleza, lakini mafuta utayasikia. Kirikuu ni nafuu na kuosha ni ndoo moja ya maji, ila usidiriki kumfunga mbwa shingoni kwenye bodi iliyo wazi. Akiruka, anajinyonga. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee kizimba cha nondo na wavu, kikazwe kwa bolti, juu uweke turubai la kivuli, na pande zote ziachwe wazi hewa ipite.

Najua wapo wasiotaka mate ya mbwa pale wanapokaa, kwa sababu ya dini. Ni haki yao, na si kisingizio cha kutumia buti. Wavu nyuma ya siti na mpira wa kuosha sakafuni vinamaliza hoja hiyo.

Na usiyeweza kununua gari? Hujaambiwa ununue. Wenye mbwa watano mnaweza kuchangishana, mkakodi Kirikuu yenye kizimba, mkaja alfajiri kabla ya jua. Mbwa wasiozoeana wabebeni kwa zamu. Mkifika, msiwaache ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika kumi za kunywa chai.

Kwa nini nasema kwa ukali? Kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kaburi. Ili ugonjwa ukatike katika eneo, angalau mbwa 70 kati ya 100 wawe wamechanjwa. Mbwa wako unayemficha nyuma ya geti ndiye mwenye meno makubwa kuliko wote, na mtoto wa jirani ndiye anayepita hapo kwenda shule. Chanja kuanzia umri wa miezi 3, rudia kila mwaka, tunza cheti.

Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo. Kumtesa mnyama safarini ni kosa, hata kama mnyama ni wako.

Ukitaka gari la fahari, nunua kwa jina lako. Usimsingizie mbwa.