Mnamnunulia mama trekta au mnajinunulia picha?

Haya, leo tuache kidogo mambo ya hifadhidata tuongee tinga. Kila mvua za Machi zikikaribia naletewa swali lile lile, maana watu wakishajua unafanya kazi ya tarakilishi wanadhani unakijua kila kitu chenye waya. Mzazi amebaki peke yake kijijini, ana miaka sabini na ushei, vibarua hawapatikani, na watoto walioko Nairobi na Marekani wamechanga pesa wamnunulie trekta ya mkono. Wanachotaka niwaambie ni kama wachukue ya nguvu za farasi 7 au 12.

Hilo ni swali la mtu anayenunua kitu cha kupigia picha na kuweka kwenye kundi la WhatsApp la familia. Atakayeishi na hiyo mashine ni mzee, na yeye ana swali lingine kabisa: ikigoma, ikiruka, ikinivuta na hakuna mtu karibu, itakuwaje? Sisi waandishi wa programu tunalijua swali hilo. Mfumo mzuri unaujua siku umekwama.

Tuanze na kuwasha. Zile tinga za mkono za dizeli kutoka Uchina, za silinda moja, nyingi huwashwa kwa hendeli. Mkono mmoja unashikilia kishikio kidogo cha kuachilia mgandamizo, wa pili unazungusha hendeli kwa kasi, kisha unaachilia kile kishikio ili injini ishike. Injini ikipiga kinyume, hendeli inaweza kumvunja kijana mkono, sembuse mama wa miaka 74. Halafu kuna uzito. Trekta ya aina hiyo ya farasi 12 hupita kilo 300 hata kabla hujafunga plau. Kuigeuza mwisho wa shamba ni mieleka! Muuzaji hakuambii, kwa sababu pale kwake anayeisukuma ni kijana mwenye misuli, tena juu ya sakafu ya saruji.

Kuna jamaa wa ng'ambo wanaojiona werevu zaidi: wananunua kule Marekani trekta ndogo ya bustani iliyotumika, ile ya kukalia, wanaipakia kwenye kontena. Nakubali ina kitu kimoja kizuri sana, swichi chini ya kiti. Ukiinuka na visu vinazunguka, injini inazima. Lakini nyingi za hizo zimeundwa kukata nyasi, na giaboksi yake haikujengwa kuvuta plau kwenye udongo mzito. Miongozo yake kwa kawaida inakataza mteremko unaozidi nyuzi 15 hivi. Sasa niambieni, shamba la mama lililoko Kisii au Murang'a lina nyuzi ngapi? Na ile swichi ya kiti ikianza kusumbua, fundi ataunganisha nyaya mbili, ataiondoa kazini, na atalipwa kwa hilo. Mzee hataambiwa. Hapo ndipo huwa nakasirika.

Kisha wanakuja wenzangu wa teknolojia. Tumuwekee kisanduku chenye laini ya simu, kipime mashine ikilala upande, kitume SMS, na sisi tuizime tukiwa mjini! Jamani. Injini ya dizeli ya kawaida haiwaki kwa cheche. Ukikata umeme inaendelea kunguruma tu, mpaka ukate mafuta. Na hata ukifanikiwa kuikata, ujumbe unafika wakati mtu ameshalaliwa na chuma bondeni. Anayehitajika hapo ni jirani mwenye mikono.

Teknolojia pia hufunga milango. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki John Deere kwa madai kwamba inawazuia wakulima kutengeneza matrekta yao wenyewe kwa kufungia programu ya ukarabati. Jimbo la Colorado lilikuwa limepitisha sheria ya haki hiyo mwaka 2023. (Mwaka 2022 mtafiti mmoja alicheza Doom kwenye skrini ya trekta ya kampuni hiyo, pale DEF CON. Nilicheka sana.) Mzee wa peke yake anahitaji mashine ambayo fundi wa soko la karibu anaifungua kwa spana.

Wengine watasema msinunue kabisa, kodisheni. Hello Tractor, iliyoanzia Nigeria na sasa iko hapa Kenya, inawaunganisha wenye matrekta na wakulima kupitia simu, na wazo lenyewe nalipenda. Ila mvua ikianguka kila mtu anataka trekta wiki hiyo hiyo, na mwenye nusu ekari mlimani si wa kwanza kukimbiliwa. Tena wapo wazee wanaotaka kulima wenyewe. Kumwambia mtu kama huyo akae kitini angoje ni kumzeesha kwa lazima.

Kwa hiyo mimi nasema ndogo. Ya petroli, chini ya kilo 100, inayowashwa kwa ufunguo. Iwe na vishikio ambavyo ukiviachilia meno yanasimama. Kiwango cha Ulaya cha mashine hizi, EN 709, kinataka hivyo. Gia ya nyuma isikubali kuingia meno yakiwa yanazunguka, kwa sababu mashine ikirudi nyuma, meno yanafuata miguu ya anayeiendesha, na nyuma yake pengine pana mgomba au ukuta. Itachukua siku mbili badala ya moja. Sawa tu, mama hashindani na mtu.

Pesa iliyobaki mlipeni kijana wa jirani awe shambani kila mashine inapowaka, hata kama kazi yake ni kukaa kwenye kivuli na kutazama.

Na kabla hamjalipa, mpelekeni mzee mwenyewe dukani. Aiwashe injini ikiwa baridi, aigeuze, aachilie mikono yote miwili mumwone muuzaji anavyoitazama. Kama ni muuzaji anayesema "hiyo atazoea," tokeni hapo, hata kama ana punguzo.