Mbwa akianguka kifafa mbele ya watoto

Asubuhi ya ukungu, katika nyumba moja ya Ibighi, Tukuyu, mbwa wa miaka mitatu aitwaye Simba alianguka karibu na banda la ng'ombe. Akakakamaa, akarusharusha miguu, povu likamtoka na mkojo ukamponyoka. Mtoto wa darasa la nne akakimbia kumshika kichwa. Mama akamdaka mkono. Jirani aliyechungulia uani akasema, "Dada, hicho ni kichaa. Muueni kabla hajawauma watoto."

Baada ya dakika mbili Simba alitulia. Aliinuka akiyumba, akagonga ukuta kama asiyeona, kisha akalala. Jioni alibweka kama kawaida.

Jirani hakukosea kuogopa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini mbwa mwenye kifafa hurudi katika hali yake, mwenye kichaa harudi. Huyo tabia hubadilika siku hadi siku: anauma bila kuchokozwa, mate hayakatiki, taya linalegea, sauti inabadilika, na kwa kawaida hufa ndani ya siku 10 tangu dalili zianze. Kumwekea maji kuona kama atakunywa si kipimo, maana hata mwenye kichaa anaweza kunywa. Kama mbwa hajachanjwa, au aliumwa na mbwa mwingine, afungiwe peke yake na ofisa mifugo aitwe. Mtoto akiumwa, au mate yakigusa kidonda chake, paoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Tena si kila kuanguka ni kifafa. Kwenye nyumba zenye ng'ombe wa maziwa, dawa ya kuogeshea mifugo iliyoachwa kwenye ndoo inaweza kumtupa mbwa chini, sawa na sumu ya panya. Jike anayenyonyesha naye huweza kukakamaa kwa kupungukiwa na madini ya chokaa mwilini. Huyo awahishwe kwa daktari.

Wakati mbwa anatupa miguu, ondoa vitu vya kumuumiza, watoto wakae mbali, na simu ihesabu dakika. Usimtie kijiko mdomoni. Hawezi kumeza ulimi wake, ila anaweza kukung'ata bila kujua. Usimmiminie maziwa, yataingia kwenye mapafu. Mwingine achukue video, kwa sababu daktari mara nyingi humkuta mbwa ameshapona. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka vizuri, ni dharura.

Pana jambo moja linawachanganya watoto. Wakiambiwa wasiguse povu la mbwa, wanaweza kudhani hata mwanafunzi mwenzao anayeanguka darasani ataambukiza. Hofu hiyo ni ya zamani. Daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Morogoro, mwaka 1960, alikuta wagonjwa wakitengewa vyombo vya chakula kwa kuogopwa mate yao. Kifafa hakiambukizi, kwa mtu wala kwa mbwa. Mate ya mbwa yanaepukwa kwa sababu ya kichaa, si kwa sababu ya kifafa. Mzazi amweleze mtoto hayo mawili siku hiyohiyo, maana kesho yake shuleni atayasimulia kwa namna yake.

Dawa ipo. Fenobabitoni, ileile wanayopewa watu, hutumika pia kwa mbwa, lakini kipimo hutegemea uzito wake na hupangwa na daktari wa mifugo. Vidonge vya mtoto visigawiwe mbwa. Akishaanza, hupewa kila siku, na kuacha ghafla huweza kuleta mshtuko mkubwa kuliko wa kwanza.

Simba alianguka tena baada ya wiki tatu, kisha siku nne baadaye. Ofisa mifugo alipofika aliuliza kwanza kadi ya chanjo, halafu tarehe na dakika. Mama alitoa kadi. Tarehe alizisoma mtoto, nyuma ya daftari lake la hisabati.