Mashine ya Zamani Imeuzwa, Mpya Haijafika

Katika nyumba fulani za Likasi iko meza ndogo ambayo siku hizi haina kitu juu yake. Hapo ndipo ilipokaa mashine ya muziki. Imeuzwa ili pesa zake ziwe mwanzo wa kununua iliyo bora, nayo hiyo bora ingali dukani Lubumbashi, kwa maana bei yake haijatimia. Juu ya siku hizo za katikati twataka kuzungumza nanyi leo.

Wahenga walinena: heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Mtu anayeuza kabla ya kuwa na cha kununulia huanza kuona kimya cha nyumba kuwa kizito, na kimya hicho humsukuma akope. Nalo deni hulipwa kwa pesa zilizowekwa kwa ajili ya shule ya watoto. Basi kabla ya kuuza, mashine yapasa kutazamwa sehemu kwa sehemu. Mara nyingi iliyokufa ni ampli peke yake, na mabafle yangali mazima. Tena bafle likikwaruza, huenda ni ule ukingo laini wa kuzunguka karatasi yake tu uliooza, na fundi mzuri aweza kuubadilisha. Anunuaye ampli mwaka huu na mabafle mwaka ujao, nyumba yake hailali kimya hata siku moja. Ila asome maandishi ya nyuma: ampli iliyotengenezwa kwa omu 8, ikifungwa mabafle ya omu 4, huvuta umeme kupita kiasi, hupata moto, na yaweza kuungua.

Na waliokwisha kuuza wafanyeje? Redio ndogo ya mawe yatosha kwa habari na kwa nyimbo za jioni. Simu ikisimamishwa ndani ya bakuli la udongo husikika chumba kizima, ijapokuwa ngoma na besi hazitasikika vema, hatuwadanganyi.

Lakini liko jambo zito kuliko hilo. Mwaka 1952, wakati mji wetu ulipokuwa ukiitwa Jadotville, Hugh Tracey alimrekodi hapa hapa Mwenda Jean Bosco na gitaa lake, na sauti ile ikaenea Afrika kwa santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Santuri za namna hiyo zingali katika masanduku ya wazee wengine. Mwenye nazo akiuza gramafoni yake kwa kudhani kwamba mashine mpya itazipiga, atashangaa. Mashine nyingi za leo huzunguka mara 33 au 45 tu. Tena sindano yake ni nyembamba mno, kwa kuwa sindano ya santuri za 78 ina unene wa karibu mara tatu ya ile ya santuri zilizofuata. Na gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono haihitaji umeme! Usiku ule ambao mtaa mzima uko gizani, yeye huimba. Ihitajicho ni sindano mpya ya chuma kwa kila upande wa santuri, kwa sababu sindano butu huila santuri yenyewe. Santuri nazo zisimamishwe wima, mbali na jua, kwani huvunjika kama sahani.

Kaseti ni hivyo hivyo, au pengine zaidi. Nyimbo za wanamuziki mashuhuri zaweza kupatikana kwingine. Ila sauti ya babu akitoa wasia, au ya mama akiimba siku ya arusi ya binti yake, imo katika kaseti moja tu duniani. Mashine ya kaseti ikitoka mlangoni, sauti hiyo yabaki imefungwa.

Kwa hiyo aliyepata mnunuzi wa mashine yake ya kaseti aombe siku chache kabla ya kuikabidhi. Jioni, watoto wakiwa wametulia, kaseti zipigwe moja moja huku simu ikizinakili karibu na bafle, na mwenye kuzitambua sauti ataje majina yaandikwe. Kaseti ya dakika 60 itachukua saa nzima, haina njia ya mkato. Mnunuzi wa kweli atangoja hadi Jumapili.