Magodoro ya watoto: Tusiuziwe inchi tupu



Nina dukuduku kuhusu namna magodoro ya watoto wachanga yanavyouzwa na kununuliwa hapa nchini. Wapo watakaoona kuwa hili ni jambo dogo mbele ya mambo ya Taifa. Lakini mtoto mchanga hulala saa nyingi kuliko anazokuwa macho, na ninavyoona mimi wazazi wengi tunalichagua godoro lake kinyume kabisa.

Ukiingia katika duka la magodoro swali la kwanza utakaloulizwa ni inchi ngapi, na la pili ni futi ngapi. Basi, biashara imekwisha. Mnunuzi naye hubonyeza kwa kidole, na akiona linazama vizuri husema hili ni laini, litamfaa mtoto. Hapo ndipo ninapopinga. Godoro laini ndilo lisilomfaa mtoto mchanga hata kidogo. Mtoto wa miezi miwili au mitatu shingo yake bado ni changa, hawezi kujinusuru. Uso wake ukielekea chini juu ya sponji inayozama, pua na mdomo huzibwa, na hewa anayovuta ni ileile aliyokwisha kuitoa. Huenda asilie hata mara moja, na mama aliye chumba cha pili asijue lolote.

Waganga wanashauri kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja alazwe chali, juu ya godoro gumu lililo sawasawa, bila mto na bila blanketi zito karibu na uso. Ushauri huo si maneno matupu. Nchini Uingereza, baada ya kampeni ya mwaka 1991 ya kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka michache tu. Hawakugundua dawa mpya. Walibadili namna ya kumlaza mtoto.

Kwa hiyo mzazi asiye na fedha za godoro ghali asijione mnyonge. Mkeka uliokunjwa na khanga safi juu yake, mahali palipo sawa na pakavu, ni salama kuliko godoro nene la kuzama. (Kitanda cha kamba nacho ni kizuri, ila kamba zikilegea kinageuka machela, na mtoto hapaswi kulazwa hapo.) Vivyo hivyo kwa akina mama wanaolala na watoto wao, na hao ndio wengi. Godoro la wakubwa likishabonyea katikati, mtoto huviringika hadi ubavuni mwa mama bila mtu kukusudia.

Sasa nizungumzie nailoni. Ni jambo la kusikitisha kuona godoro jipya likitandikwa pamoja na nailoni yake ya dukani, eti lisiharibiwe na mkojo. Nailoni ile ni nyepesi, huchanika, na kipande kikinata puani mwa mtoto hakitoki chenyewe. Tena inamtoa jasho usiku kucha. Wenye maduka wangefanya wema kumwambia mnunuzi aivue siku hiyohiyo. Kwa mkojo ipo mipira mizito ya kutandika kitandani, na yapo magodoro yenye kitambaa cha zipu kinachovuliwa na kufuliwa. Likilowa, lianikwe juani hadi likauke mpaka ndani.

Nikirudi kwenye inchi, nataka wasomaji wenzangu waelewe kuwa inchi ni unene tu. Magodoro mawili ya inchi 4, yenye futi sawa, yanaweza kutofautiana sana. Moja limejaa sponji nzito na jingine limejaa hewa. Viwandani uzito huo hupimwa kwa kilo katika kila meta moja ya ujazo, nao ndio unaoonyesha kama godoro litadumu au litalala chali kabla ya mwenyewe. Ugumu ni kipimo kingine tena. Dukani hatuna mizani, lakini tunayo mikono. Inua magodoro mawili ya kipimo kimoja ulinganishe, kisha kandamiza kwa kiganja chote, siyo kidole, ukaachie. Alama ya kiganja ikibaki, usimnunulie mtoto. Kama ni la kitanda chenye vizuizi pembeni, hakikisha vidole viwili haviwezi kupita kati ya godoro na ubao.

Hawa wakubwa kidogo, wanaotakiwa kwenda shule ya bweni na godoro la futi 2.5 kwa 6, hawana hatari ile ya wachanga. Wao wanapata hasara tu, kwa sababu godoro jepesi hubakia kama chapati kabla ya mwaka kwisha. Ila kwa wote, sponji ikishika moto huwaka upesi mno na moshi wake una sumu. Koroboi, mshumaa na dawa ya mbu ya kuwasha visikae karibu na kitanda cha mtoto.

Ombi langu ni kwa Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu lianzishwe kwa sheria ya mwaka 1975 kazi yake ni viwango. Kila godoro litakalouzwa liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, uzito wa sponji yake na ugumu wake, na lile lisilofaa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja liandikwe hivyo wazi. Maandishi hayo yawe kwenye kitambaa chenyewe, siyo kwenye nailoni.

Mzazi,
Morogoro.