Majengo ya Shule Zilizofungwa

Wenzetu wasomaji, yako maneno twayasikia barazani, na hata maofisini, ya kwamba jengo la shule likisha kufungwa halina kazi tena ila kuuzwa, ama kupewa mfanya biashara atie humo magunia yake. Wasemao hivi si wajinga. Wengine ni watu wa kalamu kama sisi. Lakini twawapinga.

Na watazame mji wetu huu wa Tanga. Wadachi walianzisha hapa shule ya Serikali katika miaka ya 1890. Humo walifundishwa vijana waliokuwa makarani, waalimu na maakida, na humo palikuwa na mitambo ya kupigia chapa, iliyotoa gazeti la Kiongozi tangu mwaka 1904. Kisha vita vikaja. Mwaka 1916 Waingereza wakautwaa mji, Kiongozi likakoma, na Idara ya Elimu ya watawala wapya haikuanza mpaka 1920. Serikali ilipotoa tena gazeti la Kiswahili, yaani Mambo Leo, mwaka 1923, lilitoka Dar es Salaam, si Tanga. Basi shule ikifungwa, mawe hubaki, bali yaliyokuwamo huhamia kwa wengine. Na kadiri mlango ukaavyo na kufuli, ndivyo yasivyorudi.

Tena tuulize, majengo haya ni ya nani? Mwaka 1974 ilipoamriwa kila mtoto asome, wanavijiji wengi walibeba mawe na mchanga vichwani pasipo mshahara, wakajenga madarasa. Daftari la mali lasema jengo ni la Halmashauri. Twalijua sana daftari hilo, maana sisi ndio tuliandikao. Wala halina safu ya kuandikia jasho la mtu.

Hatukatai kwamba shule nyingine zafungwa kwa haki. Mkonge uliposhindwa na kamba za plastiki, wakataji wakaondoka makambini na watoto wao, na penye darasa, darasa likabaki tupu. Huwezi kumlazimisha mwalimu afundishe popo. Lakini tangu ada ilipoondolewa, mwaka 2016, madarasa mengi yamejaa hata watoto wakaketi sakafuni, na waalimu wa shamba hupanga vyumba mbali na shule kwa kukosa nyumba. Mtu aonaye haya, akasema jengo la shule halina kazi, ametazama wapi?

Watasema fedha hakuna. Twajibu: fedha ya kuziba paa ni ndogo kuliko ya kujenga upya. Pwani hii nyumba isiyo na mtu haidumu: chumvi hula mabati, mchwa hula boriti, kisha jirani huchukua milango kabla mvua haijaiozesha. Baada ya miaka michache husemwa ati jengo ni bovu, liuzwe. Na ubovu wenyewe tumeufanya sisi kwa kungoja. Boma la zamani la Wadachi hapa mjini lilitengenezwa, nalo leo ni nyumba ya makumbusho. Wala wasitutulize kwa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya 1863 tu. Ya baadaye, na ya Wadachi yote ni ya baadaye, hayalindwi mpaka Waziri ayatangaze.

Twataka basi Halmashauri, kabla ya kulifuta jengo katika vitabu vyake, iuite mkutano wa kijiji na kuwauliza waliolijenga. Liwe nyumba ya waalimu, au darasa la watoto wadogo, au la watu wazima jioni, au maktaba. Likikosa kazi hizo zote likodishwe, mwaka kwa mwaka, na kodi iingie katika hesabu ya shule iliyo karibu. Kuuza, hata kidogo. Na mlinzi wake awekwe katika makisio tangu siku mlango ufungwapo.

Twawaomba wenzetu walio katika ofisi za Pangani, Muheza, Mkinga, Korogwe na Handeni wamletee Katibu wa Chama orodha ya majengo ya namna hii: mahali lilipo, hali ya paa, na nani ashikaye ufunguo. Ije mapema, kabla makisio ya Julai hayajafungwa.